Uduvi Niliouvua Kando ya Reli

Mwaka ninaousimulia ni ule tuliokula unga wa njano. Hesabu ya kizungu siijui vizuri. Najua Mwingereza alikuwa bado anatutawala, na najua tulichokula. Mwambie mtu wa rika langu "mwaka wa unga wa njano" uone kama hatashika tumbo kabla ya kukujibu. Makande, chakula chetu sisi Wapare, yalikuwa mahindi matupu bila hata haragwe moja la kuombea radhi, kwa sababu maharage tuliyamaliza hadi ya mbegu. Na mahindi yenyewe hayakuwa yetu. Yalikuja na treni, yakagawiwa kwa foleni, ya njano kama macho ya mgonjwa, yakichemka yananuka gunia. Tulikula. Aliyesusa leo, kesho alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mimi ndiye niliyetangulia kususa.

Nilikuwa binti wa kuchumbiwa, mwili umekonda lakini kiburi kimenona. Baba akaona mdomo mmoja ukipungua nyumbani si vibaya. Akaniteremsha kutoka mlimani hadi Same, akaniacha kwa mama mmoja wa Tanga aliyekaa karibu na stesheni, kama mtu anavyoacha jembe butu kwa mhunzi. Mume wa mama huyo alikuwa fundi wa reli, na mama mwenyewe aliuza uduvi. Nilimwita Bi Mkubwa. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kufagia, kupika, na kupepeta uduvi. Malipo yalikuwa kula.

Kwa nyinyi mliozaliwa juzi: uduvi ni kamba wadogo wa baharini, wadogo kama ukucha wa kichanga. Huvuliwa kwa nyavu za macho madogo, wakaanikwa juani, na kwetu walifika kwa treni ndani ya makanda ya ukindu. Ukiutia kwenye tui la nazi, hata ule unga wa njano ulikubali kushuka kooni. Lakini mlimani wakati huo kitu kama hicho hakikuhesabiwa kuwa chakula. Niliwahi kupanda nyumbani na konzi moja, nimelifunga kwenye pindo la kanga. Mama yangu akalifungua, akautazama uduvi, nao ukamtazama, maana una macho.

"Hivi ndivyo wanavyokulisha huko chini?"

"Ndiyo, mama. Ni mtamu."

"Una ndevu huu."

"Unakula na ndevu zake."

Mama akafunga lile pindo, akanirudishia. "Peleka ulikoutoa. Wenye ndevu waliomo humu ndani wananitosha."

Sasa, Bi Mkubwa alikuwa akipokea uduvi wa aina mbili, na ungeutazama ungeapa ni mmoja. Mmoja aliuita wa maji meupe, unaovuliwa nje kidogo ya pwani. Mwingine aliuita wa mikoko, unaovuliwa kwenye vijito vya chumvi. Ule wa maji meupe ni mtamu, na mchuzi wake unabaki mweupe. Ule wa mikoko unakuachia tope kwenye meno, na mchuzi unageuka rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Wapare wenzangu hawakujua tofauti. Kwa njaa ile wangetafuna hata kanda lenyewe. Lakini wateja wakubwa wa Bi Mkubwa walikuwa watu wa pwani walioletwa Same na kazi ya reli, na hao ukiwachanganyia mara moja huwaoni tena.

"Hawa ni ndugu," Bi Mkubwa aliniambia tukiwa tumekaa na ungo katikati yetu. "Baba mmoja, mama mbalimbali. Mloweshe mmoja kiganjani. Haya, tazama mkiani. Wa maji meupe ana nukta moja nyekundu, kama mtu aliyepaka hina kidole kimoja. Wa mikoko ana nukta zimepangana, kama bibi harusi. Umeziona?"

"Nimeziona, Bi Mkubwa."

Sikuwa nimeona kitu. Niliona mdudu mkavu mwenye mkia. Lakini ningesemaje? Mimi mlimani nilisifika kwa macho. Mbuzi wetu akiwa kilima cha ng'ambo katikati ya mbuzi wa watu, nilimjua kwa mwendo wake. Mtu akija na barabara ya chini, nilisema ni nani kabla mbwa hawajabweka. Nikajiambia, macho yaliyomtambua mbuzi ng'ambo ya bonde yatashindwaje na kitu kilichomo kiganjani? Sikujua kwamba kuna macho ya mbali na kuna macho ya karibu, na kwamba Mungu alikuwa amenigawia upande mmoja tu.

Hata leo hali ndiyo hiyo. Mjukuu wangu mmoja, na hapa niacheni nijisifu, amesomea viumbe vya baharini, hao hao wadogo wasioonekana. Alikuja likizo na hadubini yake, akaiweka kwenye meza yangu ya kukatia mboga, akanieleza kwamba uduvi una koo nyingi zinazofanana, na kwamba wataalamu wanazitenganisha kwa nukta za mkiani na kwa kijindoano kidogo alicho nacho dume, na bado wanabishana wao kwa wao. "Chungulia, bibi." Nikachungulia. Nikasema naam, naviona, vijiti vyeusi vimepangana vizuri kabisa. Akachungulia na yeye, akainua kichwa. "Bibi, hizo ni kope zako." Majirani wamehadithiwa. Huyo mtoto nampenda, lakini hajui kutunza siri.

Turudi Same. Kabla ya mvua, mambo mawili yalinifuata kwa pamoja. La kwanza, Bi Mkubwa alipata habari kwamba binti yake huko Tanga ni mjamzito, na akaazimia kwenda kumwuguza uzazi. Akanikalisha chini.

"Nikiondoka, jamvi langu la sokoni litahitaji mtu. Ukiweza kuwatenga hawa ndugu wawili bila kunitazama usoni, nitakuachia wewe. Ukishindwa, nitamleta mpwa wangu, nawe utarudi kwenu. Sina chakula cha kulisha watu wawili hapa."

La pili lilitoka mlimani. Kwetu maji hayaendi ovyo. Tuna ndiva, ni bwawa la kuchimbwa na wazee, linajazwa usiku na chemchemi, asubuhi linafunguliwa na maji yanashuka kwa mfereji shamba kwa shamba, kwa zamu. Shamba letu lilikuwa la mwisho kabisa. Maji yakitufikia yalikuwa yamebaki jasho. Na yule mzee aliyekuwa akigawa zamu alikuwa amefiwa na mke, na jicho lake likaniangukia mimi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkubwa kuliko baba yangu, ana sikio moja linalosikia na jingine la urembo, na kila aliponiona aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamjibu, akasahau. Baba alituma neno: nikiolewa pale, zamu yetu itapanda juu karibu na mlango wa ndiva. Yeye baba alisubiri tu mvua ijaze bwawa, zamu zipangwe upya, aje kunichukua.

Kwa hiyo mnaona ilivyokuwa. Nijue kutenga uduvi, nibaki Same. Nisijue, nikaolewe na sikio moja. Nililowesha uduvi kiganjani mpaka kiganja kikanuka pwani. Paka wa stesheni wote wakawa marafiki zangu. Nukta sikuziona.

Ndipo mvua ikaja. Ilikuja kwa hasira ya mtu aliyechelewa. Uwanda wote chini ya Same, ambako jana kulikuwa na vumbi na miiba, ukajaa madimbwi. Bi Mkubwa alikuwa amekwenda msibani Makanya, akaniachia nyumba na makanda yake. Mimi nikaenda kutafuta kuni kando ya reli, kwenye ule mtaro uliochimbwa kupitisha maji yasiibomoe njia. Nikainama kunawa miguu dimbwini. Nikaona maji yanatembea.

Walikuwa wadogo, wengi mno, miili yao kama kioo, macho meusi mawili kila mmoja, na mikia myekundu. Si nukta. Mkia mzima mwekundu! Nikajisemea, huyu ni wa maji meupe aliyepitiliza.

Sasa mtaniuliza, uduvi wa bahari utafikaje Same? Swali hilo nilijiuliza, na nikajijibu mwenyewe kwa akili zangu zote za kipare. Sisi maji tunayajua. Maji yaliyopo bondeni yametoka juu kwa mfereji, na kilichomo ndani yake kimetoka nayo. Ukiona jani la mgomba limeelea shambani kwako, umejua shamba gani limepitiwa kabla yako. Basi nikautazama ule mtaro. Unafuata reli. Reli inatoka Tanga. Tanga kuna bahari. Kwa hiyo bahari ni ndiva, mtaro ni mfereji, na mvua hii kubwa imefungua mlango. Hata leo nikiliwaza lile wazo naliona zuri. Kosa lake ni kwamba halikuwa kweli.

Kulikuwa na jambo moja lililonitatiza kidogo. Wale viumbe waliogelea chali. Matumbo juu, vijiguu vingi kama manyoya vinapepea, migongo chini. Nikafikiri, nikapata jibu: wamechoka. Kutoka Tanga si mchezo. Mimi mwenyewe niliposhuka kutoka mlimani nilifika Same nikalala chali mpaka kesho yake.

Nikavua kanga ya juu, nikawachota. Nikakimbilia ungo nyumbani, nikachota mpaka ukajaa, nikaona mbele yangu maisha mapya. Bi Mkubwa hatasubiri treni tena. Nitakuwa mwenye bahari ya Same. Baba atakuja kunichukua anikute nimekaa juu ya jamvi, nimenenepa, namwambia ngoja nimalizane na wateja. Nikawaanika juu ya jiwe nyuma ya nyumba, nikakaa nafukuza kuku.

Jua lilipowaka, wakaanza kupungua. Uduvi ukikauka unabaki na gamba lake, unasikia kwaru kwaru mkononi. Hawa walikauka wakawa kitu kama pamba iliyotolewa kwenye godoro. Ungo mzima ukawa konzi. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema ni kwa sababu ni wachanga, nikalichanganya lile konzi ndani ya kanda la maji meupe, la wateja wakubwa, ili liwe bora zaidi. Siku ya soko nikauza.

Bi Mkubwa alirudi akiwa bado amejifunga kilemba cha msiba, hajakaa hata kitako, mlangoni akatokea mke wa mwashi mmoja wa reli, mwanamke wa Pangani, na bakuli mkononi.

"Bi Mkubwa, pole na msiba."

"Nimeshapoa, mwanangu. Karibu."

"Sikai. Nimekuletea mchuzi wako. Una nywele."

"Una nini?"

"Nywele. Nimepika uduvi, mume wangu ametoa nywele kinywani, ananiuliza ni za nani. Za nani, nami kichwa changu nimesuka? Nyumba yangu inataka kuvunjika kwa uduvi wako."

Bi Mkubwa akatia kidole kwenye bakuli, akavuta uzi mmoja, akaupeleka kwenye mwanga. Akaugeuza. Akanigeukia mimi. "Hii nini?"

"Uduvi," nikasema, kifua mbele. "Wa maji meupe. Nimeuvua mwenyewe."

"Umeuvua wapi?"

"Kando ya reli."

Walitazamana wale wanawake wa pwani. Kisha Bi Mkubwa akasema kwa upole, kama anavyosemeshwa mtu mwenye homa, "Hebu nipeleke."

Tulikwenda wote watatu, na bakuli pia. Njiani nikawaeleza habari ya mtaro na ndiva na mlango wa bahari. Tulipofika, Bi Mkubwa alichuchumaa, akachota maji kwa kiganja. Akatazama kwa muda. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani amekumbuka marehemu wake, nikamwambia pole. Ndipo nikaona ni kicheko.

"Lahaula! Mwanangu, hawa ni wadudu wa mvua. Madimbwi yakikauka na wao wanakwisha. Bahari hawaijui hata kwa jina. Tazama, gamba hawana. Ndevu ndefu hawana. Miguu kama ufagio. Na wanaogelea chali!"

"Nilifikiri wamechoka."

Yule wa Pangani akakaa chini kwenye matope na kanga yake safi. "Wamechoka!" akasema. "Wamekuja na treni gani, ya abiria au ya mizigo?"

Mji wa Same wakati ule ulikuwa mdogo. Neno likitoka stesheni jioni, linalala sokoni. Kwa muda mrefu nikipita, wapagazi walinyoosha miguu juu na kuipepea. "We Mpare, bahari imefika wapi leo?" Nikawajibu imefika kwa mama zenu. Jibu halikunisaidia, lakini lilinipa nguvu ya kutembea.

Bi Mkubwa hakunipiga wala hakunifukuza. Alilimwaga lile kanda lote, akalichambua upya peke yake, akanikataza kuligusa, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Habari ya jamvi hakuitaja tena. Nikajua mpwa anakuja.

Baba aliteremka siku ya soko iliyofuata. Alikuwa na matope hadi magotini na uso wa mtu aliyelala vizuri, kwa mara ya kwanza mwaka ule. Nilimpigia goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiva imejaa. Zamu zinapangwa wiki hii. Mzee anakungoja." Akamgeukia Bi Mkubwa, aliyekuwa amekaa jamvini. "Mama, umetulelea mtoto, Mungu akulipe. Kama huna kazi naye, nimchukue. Kama unamhitaji kweli, nitarudi niwaambie wenzangu kwamba anabaki."

Hapo ndipo nilipoona kwamba baba naye alikuwa ameniachia mlango, mwembamba, lakini upo. Bi Mkubwa akautambua pia. Alikuwa na macho ya karibu yule mwanamke. Akavuta ungo, akachota konzi kutoka kanda la kulia, akaliweka upande mmoja. Akachota konzi kutoka kanda la kushoto, akaliweka upande wa pili. Akaweka kikombe cha maji mbele yangu.

"Tenga hawa ndugu mbele ya baba yako. Ukiwajua, jamvi ni lako, nami nitamwambia hivyo."

Watu wakasogea. Mke wa mwashi alikuwepo, wapagazi walikuwepo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeinua mguu. Nililowesha mmoja wa kulia. Nikalowesha mmoja wa kushoto. Nikawaleta karibu na pua mpaka macho yakapishana. Na safari hii, naapa, niliziona nukta! Wa kulia ana nukta moja, iko peke yake, nyekundu. Wa kushoto amejaa nukta kama bibi harusi. Moyo ulinipanda. Nikasimama kabisa, ili na wale wa nyuma wanisikie.

"Huyu wa kulia ni wa maji meupe. Wa kushoto ni wa mikoko."

Bi Mkubwa aliinamisha kichwa. Akachezea pindo la kanga yake.

"Wote ni wa mikoko, mwanangu," akasema. "Wa maji meupe haukuja na treni ya leo. Nilitaka tu useme hawa ni wamoja."

Sijui nimeziona wapi zile nukta. Huenda zilikuwa kwenye macho yangu. Mpagazi mmoja alianza kucheka, mwenzake akamkanyaga mguu. Baba hakucheka. Alijipangusa matope ya magoti, taratibu, kama mtu aliyepewa muda wa kufikiri na hautaki.

"Basi umesikia," akasema. "Kafunge vitu vyako. Mama yako anamwagilia kwa kibuyu, mgongo umemkatika. Wadogo zako wanakula kwa zamu. Hili si jambo la kukuuza, ni jambo la maji. Unaelewa?"

Nilielewa. Hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba nilielewa kila neno, nikamwona mama na kile kibuyu. Bi Mkubwa alikuwa akinitazama. Ungo ulikuwa bado miguuni pangu na wale ndugu wa mama mmoja na baba mmoja.

"Sipandi mlimani kuolewa na mfereji," nikasema.

Baba akasogea karibu, si kwa ukali, akainamisha kichwa kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Na hapa utakula nini? Huyu mama amekupima mbele yangu. Kazi huna. Jamvi huna. Hata hicho kidudu hukijui. Nijibu mimi baba yako, utakula nini?"

Nilitazama makanda, nikatazama reli, nikamtazama mke wa mwashi aliyekuwa ameziba mdomo kwa kanga. Cha kula sikuwa nacho, macho sikuwa nayo, na akili zangu mji mzima ulikuwa umeshaziona zinaelea chali. Nilikuwa na maneno yale tu, nikamrudishia kama yalivyo.

"Sipandi mlimani kuolewa na mfereji."